Mwendo Hupangwa Chini

Katika vitabu vya historia ya mafuta kuna picha moja isiyokosekana, ya kilima cha Spindletop karibu na mji wa Beaumont, Texas. Tarehe ni 10 Januari 1901. Mafuta yameruka yakaupita mnara wa kuchimbia, yakafika zaidi ya mita 45 angani, na watu wamesimama mbali wakishangaa. Siku tisa zilipita kabla ya kisima hicho kufungwa, na kila siku kilitapika mapipa yanayokadiriwa kufika 100,000. Picha hiyo imetuachia imani iliyo ngumu kung'oka, kwamba utajiri wa chini ya ardhi unangoja kutobolewa tu, halafu utajileta wenyewe.

Nadhani imetudanganya. Zile siku tisa zilikuwa za kweli, ila yaliyofuata hayamo pichani. Kilima hicho kilitobolewa mashimo kwa mamia, minara ikabanana, na shinikizo lililokuwa likiyasukuma mafuta likaisha upesi kwa kugombaniwa. Mafuta yenyewe hayakuwa yameisha. Yalibaki mwambani, yametulia, hayana nguvu ya kupanda. Sehemu iliyo ndefu zaidi ya historia ya mafuta inaanzia hapo, katika kazi ya kukivuta kile ambacho hakiji tena chenyewe. Mtambo uliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo katika nchi kavu ni ile boriti ya chuma inayoinama na kuinuka mchana na usiku pembeni mwa barabara za Texas, Oklahoma, California, Alberta na Baku. Kinachonivuta kwake ni tabia yake moja: haukubali kwenda kwa kasi anayoitaka mwenye mali. Mwendo wake unapangwa chini, na mwamba, na mwenye mali hana budi kujifunza kuusikiliza.

Hata kisima cha Edwin Drake kule Titusville, Pennsylvania, kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa biashara ya mafuta Marekani, hakikuruka. Kilichimbwa hadi mita 21 hivi, Agosti 1859. Mafuta yalipanda polepole ndani ya shimo yakasimama, na ili yatoke ilibidi ifungwe pampu ya mkono. Pampu, basi, haikuja kuuguza visima vilivyozeeka. Ilikuwapo tangu siku za kwanza.

Na pampu yenyewe tunaijua. Aliyewahi kuchota maji kijijini kwenye India Mark II au Afridev ameushika mtambo uleule kwa mikono yake. Afridev ilijaribiwa na kuboreshwa miaka ya 1980 huko Malawi na katika vijiji vya Kwale, pwani ya Kenya, kwa nia kwamba kijiji kiweze kuitengeneza chenyewe bila kungoja gari la fundi kutoka mjini. Ukiukandamiza mpini, nondo iliyomo ndani ya bomba huinuka, na chini kabisa nondo hiyo imeshika pistoni inayopanda na kushuka ndani ya silinda. Vali ni mbili tu. Moja imekaa chini ya silinda na haihami. Ya pili imo ndani ya pistoni na husafiri nayo. Pistoni ikipanda, vali yake hujifunga kwa uzito wa maji yaliyo juu yake, maji hayo yakabebwa yote kwenda juu, huku vali ya chini ikifunguka ili mengine yaingie. Pistoni ikishuka, ya chini hufunga, ya pistoni hufunguka, na maji yaliyoingia hupita kwenda upande wa juu. Kisima cha mafuta cha magharibi mwa Texas kinafanya hivyohivyo, na kinachofunga ndani ya vali zake ni gololi ya chuma iliyokalia pete.

Tofauti ni kina. Afridev hufika mita 45 hivi. Kisima cha mafuta kinachovutwa kwa nondo kinaweza kuwa na mita 1,500, na vipo vyenye kina mara mbili ya hapo. Nondo moja ina urefu wa mita 7.6, kwa mita 1,500 zinahitajika karibu 200, zimeungwa kwa skurubu moja baada ya nyingine, na uzito wake unapita tani tatu kabla hujahesabu mafuta na maji yaliyo juu ya pistoni. Mkono wa mtu hauwezi. Wachimbaji wa karne ya 19 walitumia boriti ya mbao, ileile iliyokuwa ikiinua na kuangusha tindo ya kuchimbia. Wazo la boriti lilikuwa kongwe kuliko mafuta: Thomas Newcomen alilitumia Uingereza mwaka 1712 kuvuta maji kutoka machimbo ya makaa ya mawe. Katika misitu ya Pennsylvania injini moja ilivuta visima vingi kwa pamoja, kwa vyuma virefu vilivyotandazwa kutoka kisima hadi kisima, vikienda na kurudi kati ya miti.

Kilichozisumbua boriti hizo ni kwamba kupanda na kushuka si kazi moja. Nondo zikipanda, injini inabeba tani kadhaa. Zikishuka, inazizuia zisianguke. Nusu ya muda inahema, nusu nyingine inakimbizwa. Jibu lilitoka Lufkin, mji wa mbao mashariki mwa Texas, kwenye karakana ya kuyeyushia chuma iliyoanzishwa mwaka 1902 ili kuhudumia mashine za kupasulia magogo. Walter Trout wa karakana hiyo alibuni mtambo wenye giaboksi na vyuma vizito vilivyofungwa kwenye mikono inayozunguka, na mwaka 1925 ukafungwa kwenye kisima cha kampuni ya Humble karibu na Hull, Texas. Nondo zinaposhuka, uzito wake unatumika kuviinua vile vyuma. Vyuma vinaposhuka, vinasaidia kuinua nondo. Mota inabaki na kazi ya kufidia pengo. Umbo hilo halijabadilika sana kwa karne nzima. Karakana ya Lufkin ilizimwa mwaka 2015, lakini mitambo iliyotoka humo ingali ikiinama.

Mpaka hapa nimeizungumzia nondo kana kwamba ni fimbo ngumu. Sivyo. Chuma chenye urefu wa kilomita moja na nusu kinarefuka kikivutwa. Boriti ikianza kuinuka, ncha ya juu inapanda wakati pistoni ingali imetulia kule chini. Taarifa ya kwamba juu kumevutwa inasafiri ndani ya chuma kwa kasi ya karibu mita 4,900 kwa sekunde, inachukua takriban sehemu tatu za kumi za sekunde kufika, kisha sehemu yake inarudi juu na kukutana na taarifa nyingine iliyo njiani. Mzigo nao unairefusha nondo, kwa hiyo mwendo wa mita tatu juu unaweza kuwa pungufu chini. Anayesimama kisimani anaiona boriti ikienda kwa utulivu mtupu, na utulivu huo haumwambii chochote cha kuaminika kuhusu hali ya pampu.

Kwa hiyo swali kubwa la kazi hii limekuwa ni jinsi ya kujua. Waangalizi wa visima wa zamani waliweka kiganja kwenye nondo ya juu iliyong'arishwa, inayopenya kwenye sili ya mdomo wa kisima, wakaitambua hali ya pampu kwa mguso, vile mvuvi wa mshipi anavyojua kwa kidole kama kilichogusa chambo ni samaki au ni mwamba. Ujuzi huo ulikuwa wa kweli, ila uliondoka na mwenye nao. Baadaye zikaja dainamomita, zinazopima mzigo wa nondo katika kila hatua ya safari yake na kuuchora karatasini. Mchoro unaotoka ni umbo lililofungwa, na fundi anausoma. Lakini mchoro uliochukuliwa juu umechanganyika na mitikisiko yote ya njiani. Mwaka 1936, huko California, W. E. Gilbert alieleza kifaa kilichoshushwa hadi kwenye pampu yenyewe ili kichore kulekule. Michoro ya namna hiyo iliwafundisha watu sura za maradhi ya kisima. Pampu iliyojaa vizuri inakaribia kuchora mstatili. Iliyojaa nusu inachora mstatili uliomegwa pembe moja. Yenye gesi ndani inachora mkunjo mahali palipotakiwa kona.

Tatizo ni kwamba ili ukishushe kifaa ni lazima uzitoe nondo zote kwanza, kisha uzirudishe. Miaka ya 1960 Sam Gibbs, mhandisi aliyekuwa Shell, alipata njia nyingine. Aliichukulia nondo kuwa kitu kinachopitisha mawimbi, akautumia mlinganyo wa mawimbi kuondoa kila kilichoongezwa na safari, na akabaki na mchoro wa chini uliokokotolewa kutokana na vipimo vya juu. Leo kompyuta ndogo iliyofungwa pembeni mwa mtambo inaweza kueleza hali ya pistoni iliyo kilomita moja na nusu ardhini bila kitu chochote kushushwa. Hili linanigusa kuliko hesabu zote za mapipa. Nondo inayobeba mzigo ndiyo hiyohiyo inayoleta habari, na habari hiyo ilikuwa ikipanda tangu siku ya kwanza, ikipita chini ya viganja vya watu, ikimngoja mwenye hesabu za kuifasiri.

Ipo na njia ya sikio hasa. Fundi anafyatua msukumo wa gesi katika nafasi iliyo kati ya bomba la nje na la ndani, anategesha maikrofoni, kisha anausubiri mwangwi. Kila kiungo cha bomba kinarudisha mwangwi mdogo. Uso wa mafuta unarudisha mkubwa. Urefu wa kila bomba unajulikana, kwa hiyo akivihesabu viungo anajua mafuta yamesimama wapi.

Kwa nini ahangaike kujua? Kwa sababu mwamba unatoa polepole. Mafuta hayakai kwenye ziwa la chini ya ardhi. Yanajipenyeza katika vitundu vya jiwe, vingi vyembamba kuliko unywele, yakielekea pale ambapo shinikizo limepungua. Kisima kina kiasi kinachoweza kuingia kwa saa, na boriti haina uwezo wa kukiongeza kwa kukimbia. Pampu ikivuta haraka kuliko mwamba unavyotoa, silinda haijai. Pistoni inaposhuka inapita kwanza kwenye utupu wenye gesi kidogo, halafu inagonga uso wa mafuta kwa kishindo. Kishindo hicho kinapanda nondo zote 200, kinafika kwenye boriti, kinaingia kwenye beringi na kwenye gia. Mtambo unaokwenda mara 8 kwa dakika unafanya hivyo zaidi ya mara milioni 4 kwa mwaka. Chuma kinachoka. Ufa mdogo usioonekana unaanza, mara nyingi palipo na kovu la kutu au kwenye kiungo, na siku moja nondo inakatika. Inabidi uletwe mtambo wa ukarabati, vipande vilivyoangukia ndani vivuliwe kimoja kimoja, na kisima kikae bure siku zote hizo.

Kinachosikitisha ni kwamba kosa hili lina sura ya bidii. Mafuta yakipungua, anayetaka kuonekana anafanya kazi ataongeza kasi. Atapata mafuta yaleyale aliyokuwa akiyapata, pamoja na bili kubwa zaidi ya umeme na nondo zilizokatika. Tiba iliyogunduliwa ni kupumzika. Kwanza zilitumika saa za kawaida zinazouwasha mtambo kwa muda na kuuzima kwa muda. Baadaye vikaja vidhibiti vinavyousoma mchoro wa kila safari, na vikiuona umeanza kumegeka pembe vinazima mota, vinakipa kisima nafasi ya kujaa, halafu vinawasha tena. Mpita njia akiikuta boriti imesimama huku mota imezimwa hudhani kisima kimekufa. Pengine ndicho kinachotunzwa vizuri kuliko vyote vya eneo hilo.

Kwa utunzaji wa namna hiyo kisima kinaweza kuishi maisha marefu ajabu. Santa Rita Namba 1, katika Kaunti ya Reagan, Texas, kilipewa jina la mtakatifu anayeombwa kwa mambo yasiyowezekana, na maua makavu ya waridi yalirushwa kutoka kilele cha mnara wake. Uchimbaji ulichukua karibu miaka miwili. Tarehe 28 Mei 1923, kwenye kina cha karibu mita 930, mafuta yakaruka juu ya mnara. Ardhi ilikuwa mali ya Chuo Kikuu cha Texas, na malipo ya visima vya eneo hilo yalikifanya kiwe miongoni mwa vyuo vyenye akiba kubwa duniani. Hayo ndiyo husimuliwa. Kinachotajwa kwa sentensi moja, kama kinatajwa, ni kwamba kisima hicho kiliendelea kutoa mafuta hadi kilipozibwa mwaka 1990, miaka 67 baadaye. Nguvu yake ya mwanzo ilikuwa imekwisha kitambo. Mtu fulani alipita kila siku kukitazama, akatia grisi, akabadilisha sili, akasikiliza beringi, na jina lake halimo katika hadithi ya waridi.

Sehemu kubwa ya visima vya mafuta vya Marekani iko katika umri huo wa mwisho. Vinaitwa visima vya uzalishaji mdogo, yaani visivyozidi mapipa 15 kwa siku, na vingi havifikishi hata mapipa matatu, huku maji ya chumvi yanayopanda pamoja na mafuta yakiwa mengi kuliko mafuta yenyewe. Kampuni kubwa haina hamu navyo. Huviuza kwa ndogo, na ndogo kwa ndogo zaidi, mpaka vinafika kwa familia yenye gari moja na funguo za mageti kumi. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mapipa mawili kwa siku, kwa mwenye visima ishirini na mikono yake mwenyewe, ni ada ya shule na chakula. Nawaheshimu watu hao. Wanakijua kila kisima kwa tabia yake, kipi kinajaa usiku, kipi kinasumbuliwa na mchanga, kipi kina nta inayogandia kwenye nondo hadi zikwanguliwe.

Nta hiyo inatuleta nyumbani. Mafuta yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012, kwenye kisima kilichoitwa Ngamia 1, yana nta nyingi, na ya Ziwa Albert upande wa Uganda vilevile. Ndiyo sababu bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, la kilomita 1,443, lilibuniwa kupashwa joto kwa umeme njia nzima ili mafuta yasigande. Katika mazungumzo yetu kuhusu mafuta hayo nasikia zaidi Spindletop: siku ya kwanza, pipa la kwanza, meli ya kwanza. Nasikia machache sana kuhusu mwaka wa thelathini, wakati shinikizo litakuwa limeshuka na kila pipa litapaswa kuvutwa pamoja na maji yake.

Uchache huo unanitia hofu, kwa sababu kisima hakimalizi kazi pale mafuta yanapokoma kulipa. Kufikia hapo mara nyingi kimeshikwa na mwenye mfuko mdogo kuliko wote waliowahi kukimiliki. Akifilisika, kinabaki yatima: boriti imesimama, nondo zimo ndani, bomba linaliwa na kutu, gesi na maji ya chumvi yanatafuta njia ya kuyafikia maji ya kunywa. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ililazimika kutenga dola bilioni 4.7 kwa ajili ya visima vya aina hiyo, fedha za walipa kodi ambao wengi wao hawakuona senti ya mafuta hayo. Kukiziba kimoja vizuri ni kazi ya fundi hodari. Nondo zinatolewa zote, na kule Texas na Oklahoma zilizochakaa hununuliwa na wafugaji, wakazifanya ua wa ng'ombe. Bomba la ndani linatolewa. Saruji inamwagwa katika vina vilivyochaguliwa, hasa kati ya tabaka la mafuta na tabaka la maji baridi, inapimwa kama imeshika, kisha bomba la nje linakatwa chini ya usawa wa ardhi na kufunikwa, ili anayelima juu yake asilikwae.

Sheria ya mafuta ya Uganda ya mwaka 2013 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zote zimeweka mfuko wa kugharimia kazi hiyo ya mwisho, unaochangiwa wakati kisima kingali na uwezo wa kuchangia. Ningeomba wanaoandika habari za Turkana na za Ziwa Albert waulize kila mwaka mfuko huo una kiasi gani na unashikwa na nani, na waliulize swali hilo kwa sauti ileile wanayoulizia idadi ya mapipa.